Hopsi Ndani ya Kibuyu cha Gakii

Tangu wakwe watume neno kwamba wanakuja, Mzee Ntongai hakupata usingizi wa maana. Katika ukoo wake wa Kimeru, binti anayeposwa ndiye huonja pombe ya asali kwanza. Akikunja uso, wageni hurudi walikotoka. Na asali yenyewe siku hizi! Ile ya zamani kutoka nyika ya Leparua ilinukia maua ya migunga. Ulikuwa ukifumba macho unawasikia nyuki. Hii ya dukani ni sukari iliyopewa jina.

Mjukuu wake Gakii, ndiye anayeposwa, na anayefanya kazi kwenye baa ya Nanyuki inayojipikia bia, alimletea hopsi, maua makavu ya kijani, vifuko viwili. Alimweleza kwamba moja ni ya uchungu, ichemke sana. Nyingine ni ya harufu, isikae motoni. Mzee akaloweka kila moja katika kikombe chake. Ya kwanza iling'ang'ania ulimi kama mwarobaini. Ya pili ilikuwa na harufu ya ganda la chungwa, na ya majani mabichi baada ya mvua. Aliinusa mpaka chai yake ikapoa.

Lakini mkono una mazoea. Maisha yake yote alikuwa amechemsha mizizi ya dawa ya kutia kwenye supu kutwa nzima. Akazitia hopsi za aina zote mbili pamoja, akakoleza moto. Harufu ikatoka sufuriani polepole, ikavuka ua, hadi jirani yake Akidor akachungulia kuuliza ni marashi gani yanapikwa. Mzee akacheka. Alipoonja, ulikuwa umebaki uchungu mtupu.

Akamimina maji hayo kibuyuni, akatia asali na muratina, lile tunda kavu linalochachusha. Pombe ikaiva, uchungu ukabaki palepale. Kesho wageni wanafika. Ndipo akaona maua machache ya harufu yamesalia kifukoni. Hakuthubutu kugusa kiberiti. Akayatumbukiza kibuyuni makavu hivyo hivyo, akaziba, akakaa kando kama anayeuguza mtu.

Wakwe walipofika, mjomba wa kijana aliyekuja kuposa, Erot, alitania kwamba Wameru wanataka kuwalewesha ili wadai ngamia zaidi wa mahari. Gakii akapokea pembe ya kunywea, akanywa. Uso haukukunjika.

"Juju," akamwita babu yake, "hii ina harufu ya wapi?"

"Si Leparua," mzee akasema. "Ni mahali sijawahi kufika."

Gakii akampa Erot pembe, na mazungumzo yakaanza. Mzee akafumba macho, akatega sikio. Nyuki hawakuwapo.