Marejeleo Hayana Shikamoo

Mkunga alirudi darasani akiwa na wajukuu wawili, na majirani hawakumwacha salama: wakambandika jina la Mwanachuo, tena kwa kulivuta. Akacheka nao. Elimu haina mwisho, alisema, lakini ada inao. Sasa utafiti wake kuhusu namna wazazi wanavyopokelewa katika chumba cha kujifungulia ulikuwa umekamilika, umebaki kukabidhiwa Ijumaa. Anayechelewa husubiri mwaka mzima.

Mwaka mzima hakuwa nao. Mama yake, mkunga mstaafu aliyemfundisha kazi na ambaye mahojiano yake yalijaza sura nzima, alikuwa ameanza kupotewa na kumbukumbu. Kuna asubuhi alimshukuru bintiye kwa chai kama mtu anayemshukuru mgeni. Mkunga alimwahidi kumwonyesha jina lake ndani ya kazi ile, na aliogopa, aliogopa hasa, kwamba atalileta siku ambayo mwenyewe hatalitambua.

Alhamisi msimamizi wake, kijana wa rika la kitinda mimba wake, akafungua ukurasa wa marejeleo, akashika kichwa.

"Mama, hawa watu umewapangaje?"

"Kwa heshima, mwalimu. Wakubwa mbele. Mama yangu ndiye wa kwanza, wakafuata maprofesa wazee, vijana nyuma. Wewe nimekupandisha kidogo kwa sababu ya cheo."

Kijana alicheka mpaka miwani ikamteremka. "Marejeleo hayana shikamoo, mama. Ni alfabeti tu, kwa jina la ukoo. Panga upya uniletee kesho."

Jioni akakaa na kompyuta kwenye meza ya jikoni. Jina la ukoo la mama yake lilianza na Z. Likapita nyuma ya maprofesa, nyuma ya yule kijana, nyuma hata ya mtu aliyeandika kurasa tatu kuhusu vitanda, likatua chini kabisa. Mzazi wake mkiani! Alijiona mtovu wa adabu.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda chuoni, akampelekea mama yake ukurasa ule kitandani.

"Nisamehe, mama. Ndivyo wanavyotaka."

Mama akaweka kidole kwenye jina la kwanza. "Huyu nani?"

"Profesa, mama."

"Simjui." Kidole kikashuka. "Na huyu?"

Huyo pia hakumjua, wala aliyefuata. Alikwenda jina kwa jina, macho yakimlegea kwa uchovu, na mkunga akajuta kutoliacha lile jina juu. Hatafika, aliwaza.

Kidole kikafika mstari wa mwisho, kikasimama. Mama akasoma kwa sauti, taratibu, jina lake na la baba yake.

"Huyu namjua," akasema. Akamtazama mkunga usoni kwa muda. "Alikuwa na binti, huyu. Mkunga kama yeye. Yuko wapi siku hizi?"

Mkunga akamshika mkono.

"Yupo, mama. Anakwenda kukabidhi kazi yenu."