Bomba chini ya Dirisha la Mama Mkwe

Ernesta aliwazalisha wanawake wengi wa Kasulu, na mpaka leo, ingawa amestaafu unesi, wapo wanaume wenye ndevu ambao yeye huwakumbusha hadharani sokoni jinsi walivyolia siku ya kwanza. Hana haya huyo. Lakini mwili una mambo yake. Nyonga ilichoka, kuchuchumaa kukamshinda, na kilichomwezesha kuendelea kukaa peke yake katika nyumba kuukuu aliyoachiwa na marehemu mumewe, Laurent, kilikuwa choo cha kukaa, kilichojengwa ndani kwa ndani, mlango wake ukifungukia chumbani mwake.

Choo hicho sasa kilikuwa na visa. Kila masika maji machafu yalipanda badala ya kushuka. Mafundi wa mjini walikuja, wakang'oa sinki la choo, wakavunja sakafu, wakazibua, wakapiga saruji, wakaondoka wakijisifu. Mvua iliyofuata, yale yale. Sakafu ikawa viraka vitupu.

Mwanawe Nickson, mtumishi wa serikali huko Dodoma, akachoka kusikia habari za choo kwenye simu. Akasema anakuja kumchukua mama yake jumla, nyumba ipangishwe. Alisema kwa upendo, tusimsingizie. Ila Ernesta aliwahi kukaa kwake, akashinda mbele ya televisheni kama mgonjwa, asipate hata mtu mmoja wa kumsalimu "mwakeye" kwa Kiha asubuhi. Akamjibu kwamba akikuta choo kinafanya kazi, basi arudi alikotoka. Nickson akacheka, akakubali.

Fundi ambaye Ernesta alimwamini alikuwa mmoja tu: Japhet, mume wa binti yake Evaline, aliyejifunza mabomba kwenye kazi za maji katika kambi ya wakimbizi ya Nduta. Lakini Japhet ni mkwe. Kwa malezi ya Kiha waliyopata hao wawili, mkwe humpisha mama mkwe njiani, hamkazii macho, wala hasemi naye ila kwa kupitia mtu. Kuingia anakolala na kuchungulia choo chake ni jambo lisilotamkika. Tangu Japhet amuoe Evaline, hata salamu zao zilibebwa na Evaline.

Japhet ndiye aliyepata njia. Alituma neno kupitia mkewe kwamba si lazima choo kizibuliwe kutoka ndani. Angechimba nje, akate bomba linaloelekea karo la maji machafu, apachike mdomo wa kuzibulia unaotokeza juu ya ardhi, wenye kifuniko cha kufungua na kufunga. Likiziba tena, waya utaingizwa kutokea uani, na mama hatasumbuliwa na mtu chumbani. Ernesta aliuliza kwa nini wale mafundi wote hawakusema hivyo, na bila kungoja jibu akaagiza kazi ianze.

Nickson alifika Ijumaa jioni, akataka waondoke Jumapili. Jumamosi asubuhi Ernesta alijifungia chumbani, kama adabu inavyotaka, Japhet akaanza kuchimba nyuma ya nyumba. Alichimba mahali ambapo yeyote angechimba, katikati ya ukuta wa choo na karo. Udongo mwekundu ukarundikana, mtaro ukamfika magotini, bomba hakuna. Akahamia upande wa mparachichi. Hakuna. Wingu likajikusanya upande wa Manyovu. Nickson akamwambia shemeji yake asijiumize bure, akapanda bodaboda kwenda stendi kuulizia viti viwili. Evaline naye alikuwa dukani, amefuata saruji.

Ernesta alikuwa akisikiliza sululu ikipiga udongo mtupu, na roho ikimuuma, kwa sababu yeye alijua bomba lilipo. Zamani watoto walipokuwa wakivuta maji chooni, aliyasikia yakipita chini ya ukuta, kichwani pa kitanda chake, kabla ya kukata kona. Alidhani kila mtu anajua. Sasa hapakuwa na wa kumtuma. Aliona haya mpaka masikio yakawaka, yeye aliyezoea kuwaagiza waume za watu nje ya chumba cha uzazi. Kisha akawaza Dodoma, akapiga moyo konde, akasimama nyuma ya pazia.

"Baba Apoline," akaita, kwa jina la mjukuu wake.

Sululu ikanyamaza. Japhet akageuza mgongo, kama mtu aliyekutwa anaoga.

"Linapita hapa, chini ya dirisha langu," Ernesta akasema. "Nililisikia miaka yote nikiwa nimelala."

Halafu Japhet akajibu, akiwa bado amempa mgongo aliyekuwa nyuma ya pazia: "Nimesikia, mama."

"Basi njoo uchimbe. Mimi sitoki humu mpaka maji yashuke."

Akaja, macho yakiwa chini, na haukupita muda chepe ikagonga bomba la saruji la zamani. Kwenye kiungo mizizi ya mparachichi ilikuwa imejisokota ikaziba njia yote. Alikikata kipande hicho, akaunga bomba jipya la plastiki na mdomo wake, kifuniko akakiweka chini zaidi ya usawa wa sinki, ili siku uchafu ukikataa kwenda, utokee uani na si chumbani. Evaline aliporudi alimkuta mama yake akiuliza maswali dirishani na mumewe akiyajibu. Alisahau kuutua mfuko wa saruji.

Saruji ilipoanza kushika, mvua ikaanza. Alihitajika mtu wa kuvuta maji ndani. Evaline akainuka, mama yake akamwambia akae.

"Vuta, mama," Japhet akasema kutoka nje.

Ernesta akavuta. Maji yakazunguka, yakapanda. Alisema bado, kwa sauti ambayo hata yeye hakuipenda. Japhet akasukuma waya kwenye ule mdomo kuelekea karo, akasukuma tena, huku mvua ikimpiga mgongoni.

"Sasa."

Akavuta. Yakashuka yote, kwa mkupuo mmoja.

"Huku yanapita, mama."

"Huku yameshuka, mwanangu."

Simu ikaita angali ameshika ukuta. Ni Nickson, yuko stendi, amepata viti viwili vya nyuma, achukue?

"Chukua kimoja," Ernesta akamwambia. "Mimi nipo kwangu."