Jogoo Niliyemwahidi Mungu

Jamani, habari hii bora niwape mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Mkalama, maana kule kijijini kwetu mpaka leo nikipita gengeni lazima mtu awike. Chekeni tu, nilijitakia.

Mama yangu alikaa miaka mitatu haoni, mtoto wa jicho, macho yote mawili, na mimi ndiye nilikuwa macho yake: namwambia mvua inakuja, alizeti zimechanua, shati langu limenyooka (halijawahi kunyooka, lakini angejuaje?). Siku anaingizwa chumba cha upasuaji kule Singida Mjini nilimshika mkono, nikaomba kwa sauti wagonjwa wote wanasikia, "Bwana, mama akiona tena, jogoo wangu Diwani ni wako!" Sasa Diwani hakuwa kuku wa mchezo. Mwekundu, mzito, akikatiza uani hata mbwa anampisha. Mama akaitika amina huku analia.

Basi bandeji zikatolewa, mama akaona! Akahesabu vidole vya daktari, kisha akavihesabu tena kwa furaha tu. Jumamosi jioni nikamrudisha nyumbani na miwani yake myeusi, na kesho yake ndiyo ikawa Jumapili ya kutoa shukrani. Asubuhi nikamkamata Diwani, nikamtazama, naye akanitazama, roho ikaniuma, nikajisemea, kwani Mungu ana kuku wangapi dunia nzima? Nikamwachia. Nikatia kikapuni kijogoo kimoja cheusi cha kishingo, shingo haina hata unyoya, kimekonda mpaka unakionea huruma.

Kanisani tukaitwa mbele, mimi na mama. Nikajikohoza. "Bwana Yesu asifiwe! Nimemletea Mungu yule jogoo wangu mkubwa, kama nilivyoahidi!" Nikakiinua juu. Mama akavua miwani.

"Elia, huyu ndiye Diwani?"

"Ndiye, mama." (Ulimi ulishazoea, miaka mitatu hiyo.)

"Mbona jana nimemkuta uani ni mwekundu?"

Ningenyamaza hapo, yangeisha. Wapi! Nikasema, "Mama, macho yenyewe bado mageni hayo."

Kanisa likaangua kicheko, mzee wa kanisa kashika mbavu, kijogoo nacho kikanichomoka, kikarukia meza ya kwaya na kuachia uchafu juu ya vitabu vya nyimbo, na mimi niko palepale mbele na kikapu kitupu, jasho linanitoka hadi kwenye soksi.

Mama hakucheka, wala hakunigombeza. Alipiga magoti taratibu, akainua uso. "Mungu wangu, asante kwa macho haya. Ungeniacha gizani, leo ningeitikia amina uongo wa mwanangu."

Kicheko kikakatika. Nimewahi kuchapwa na marehemu baba, tena mbele ya rafiki zangu, lakini sijawahi kuumia vile. Nikatoka mbio. Nyuma nikamsikia mama anamwambia mchungaji, "Baba, naomba tumsubiri, si mbali." Na kweli walinisubiri, wanaimba tu, mpaka niliporudi suti imejaa vumbi na Diwani kwapani ameshaniparua mikono yote.

Mama akampokea, akamgeuza huku na huku, akampangusa manyoya kwa ncha ya khanga yake. "Kumbe ni mzuri hivi," akasema, "pokea, Baba." Akamweka madhabahuni bila hata kugeuka nyuma kumtazama mara ya pili. Mama ana khanga mbili tu za kutokea, mimi nina banda zima la kuku. Nilimtazama nikaona aibu, halafu nikaona fahari kwamba huyu ndiye aliyenizaa.

Kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada Diwani alichukuliwa na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Kila alfajiri anawika, mama chumbani kwake anasema, "Asante Mungu," na mimi naitika amina, tena kwa sauti. Na shukrani ikifika siku hizi sishiki kuku. Nafungua banda, nakaa pembeni, namwambia, "Chagua, mama. Macho unayo."