Pamba Isiyoumuka

Ng'washi wa Ngulyati hakuwa mtu wa kushangaashangaa. Alianza maisha na kisado kimoja cha chumvi mnadani. Chumvi ikawa kuku, kuku wakawa mbuzi, mbuzi wakawa mtamba. Mumewe alipofariki, hakuna shemeji aliyethubutu kumgusia habari ya kurithiwa, maana kila mmoja wao alishawahi kupatana naye bei na anajua alivyotoka. Watu walisema Ng'washi akikuangalia mara moja tu, unajisikia umepungua kilo mbili.

Kwa hiyo soko huria lilipoingia, ushirika ukafunga milango na wanunuzi binafsi wakamiminika Bariadi, wenzake walinung'unika, yeye akaenda kukodi godauni la ushirika. Mnunuzi mmoja wa mjini akampa neno lake: "Nikusanyie magunia arobaini ya pamba safi, kavu, isiyo na fifi, ile chafu ya madoa, wala mchanga. Mtu wangu akiyapitisha, uwakala wa kata nzima ni wako. Akikuta moja limetiwa maji kuongeza uzito, mimi na wewe hatujuani."

Siku ya lori, asubuhi, vibarua waliyasogeza magunia yote karibu na mlango wakayapanga upya. Ndipo Ng'washi akaona sakafuni, pale yalipokuwa yamelala, doa la maji la upana wa sinia.

Akatazama paa. Halina tundu. Na mvua Ngulyati ilikuwa haijanyesha tangu Mei.

"Hapa palikuwa na gunia la nani?"

Vibarua wakatazamana. Hawakumbuki.

Akapita gunia kwa gunia, anachomeka mkono mdomoni mwa gunia, anachomoa punje, anang'ata. Mbegu kavu hulia *ka!* kwenye jino, iliyolowa hunyamaza. Zote zililia. Lakini anayetia maji si mjinga, huyamwaga katikati. Na lori lingefika alasiri.

"Mwageni yote nje," alisema. "Moja moja. Tandikeni maturubai."

Mama mkwe wake, Apolonia, akatoka na kigoda chake kuja kusaidia. Kusaidia! Bibi yule alikuwa na kasi ya kinyonga. Anaokota fumba la pamba, analinyanyua juani, analigeuza, anatabasamu, analiweka. Anaokota jingine.

"Tazama, Ng'washi mwanangu. Mungu ameshinda kwenye udongo ule mweusi anatoa hii. Nyeupe hivi! Hata hakunawa mikono."

"Mayu, mama yangu, Mungu tutamwona Jumapili. Leo tafuta maji."

"Si ndiyo ninatafuta? Wewe unang'ata, mimi natazama kazi ya fundi. Ukiizoea kazi ya fundi, iliyochezewa unaijua."

Ng'washi aling'ata nyingine. Jasho lilimtiririka mgongoni na meno yalishaanza kumuuma. Jua likavuka utosi. Magunia ishirini na manane yalikuwa yamemwagwa, kila moja chungu yake, na hakuna chungu iliyomfungulia siri. Yalibaki kumi na mawili.

"Ile," Apolonia akasema.

"Ipi?"

"Ile ya mwisho kwa mpapai. Wenzake wameumuka."

Ng'washi akageuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatazama badala ya kukagua. Kweli. Chungu zote zilikuwa zimepata jua zikanyanyuka zenyewe, laini, zimejaa mwanga hadi ndani, kama kitu kinachovuta pumzi. Ile moja ilikuwa imelala kama mgonjwa. Akakimbia, akazamisha mkono katikati, akang'ata. Kimya. Akang'ata nyingine. Kimya.

Akainua gunia tupu atazame alama ya mkulima. Uzi wa kijani. Lilikuwa gunia la Nyanda, mdogo wake wa tumbo moja. Siku ya kupokea alifungua magunia ya kata nzima, la Nyanda akalipitisha limefungwa. Damu ikiwa moja, mtu unakagua nini?

Nyanda mwenyewe alikuwa pale, anajifanya kusaidia kukunja turubai.

"Dada, kila mtu anatia siku hizi. Huko Zagayu wanatia mpaka mchanga."

"Watie. Uwakala ninaoutafuta si wa Zagayu."

"Basi ichanganye kidogokidogo kwenye haya mengine. Nani atajua?"

Jambo baya ni kwamba alikuwa na akili. Ingewezekana. Ng'washi alisimama ameshika fumba bichi mkononi, akazitazama zile chungu nyeupe, na mkono ukamkatalia. Hakujua kwa nini. Ingekuwa kama kumtemea mtu mate kwenye chakula alichokuandalia.

"Iache hapohapo ilipo," alisema. "Rudisheni nzuri kwenye magunia. Haraka!"

Lori likafika kabla hawajamaliza. Akashuka Tajudin, mkaguzi wa yule mnunuzi, kisu kiunoni.

"Mwadila, mayu," akamsalimia.

"Mwadila."

Tajudin akaiona ile chungu peke yake kwa mpapai. "Na hii?"

Nyanda akainama kufunga kiatu kisicho na kamba.

"Maji ya mdogo wangu," Ng'washi akasema. "Gunia nililipokea bila kulifungua. Kosa ni langu."

"Mayu, samaki mmoja akioza..."

"Ndiyo maana nimemtoa chunguni kabla hujaja."

Tajudin hakucheka. Akapita ndani ya godauni, akayaruka yote yaliyomwagwa, akaenda kuchana matano, na yote matano yakatoka katika yale kumi na mawili ambayo Ng'washi hakuwahi kuyamwaga. Pamba ikafurika miguuni mwake. Akachukua punje kutoka katikati.

Ng'washi hakuwa na la kufanya. Mikono ile, iliyokuwa na kazi tangu utoto, ikaning'inia tu. Nyuzi za pamba zilielea kwenye mwanga wa mlangoni, zinapanda polepole, hazina haraka na lori la mtu. Akazitazama. Hakuomba. Ilimjia tu kwamba kuna aliyekuwepo humu miaka yote, anatoa mali safi msimu hadi msimu, kwa watu wanaoitia maji, wala hajafunga duka.

*Ka!* Moja. *Ka!* Mbili. Tatu. Nne. Punje ya tano Tajudin akaitafuna polepole, kwa makusudi.

*Ka!*

"Pakieni," akasema. "Thelathini na tisa safi yanatosha. Uwakala umeupata. Ila msimu ujao la ndugu yako ndilo la kwanza kufunguliwa."

"La kwanza," Ng'washi akakubali. Kisha vibarua walipoyashika magunia saba yaliyobaki bila kufunguliwa, akawazuia. "Hayo bado. Yamwageni."

"Mayu, nimeshayapitisha!"

"Umeyapitisha wewe. Mimi sijayatazama."

Akavuta debe tupu, akaketi juani karibu na mama mkwe wake, akaokota fumba la kwanza.