Salamu Zisizo na Majina, Midrand

Niliondoka Nakuru kwa sababu redio ilifuta kipindi changu cha muziki wa country baada ya miaka kumi na moja. Vijana, walisema, hawataki magitaa ya wachunga ng'ombe. Kituo kidogo cha Waswahili kule Midrand, Johannesburg, kikaniita kwa majaribio ya Jumamosi moja. Niliomba nne. Meneja akatoa moja na nusu. Tukaelewana mbili.

Huko Johannesburg, mtaa wa Bellevue, nilipanga chumba kwa Mama Neema, msusi kutoka Lubumbashi. Nyumba ile moja imegawanywa ikawa na milango tisa. Nimeihesabu mara mbili. Wiki nzima hakuna aliyebisha wangu.

Jumamosi ya kwanza nilifika Midrand saa mbili asubuhi. Meneja, kijana wa Kenya, hakuzungusha maneno. "Mzee, simu zikilia unabaki. Zisipolia, saa yako nawapa wahubiri."

Sikutishika. Kwetu country huenda na salamu. Nikatangaza kama kawaida: "Piga simu, taja jina lako, mtaa wako na unaowasalimia!" Nikapiga nyimbo kumi na mbili. Kimya. Niliinua mkonga wa simu kuhakikisha ni nzima. Ilikuwa nzima.

Niliporudi Bellevue nilimlalamikia Mama Neema. Alicheka hadi akaachia nywele za mteja.

"Eish, papa! Unauliza batu jina na mutaa, fasi banalala, ku redio? Weye mutangazaji ao polisi? Batu mingi huku habana makaratasi ya kukaa!"

Jumamosi ya pili nikasema: "Usitaje jina. Niambie tu ulikotoka." Simu ikalia. Bukavu. Kigoma. Bujumbura. Uvira. Wa tano alikuwa mwanamume wa Kitale.

"Namsalimia dada yangu. Yuko hapa mjini, Joubert Park, ama alikuwa. Usimtaje. Weka wimbo wowote wa treni, baba alipenda treni. Akisikia atajua."

Nikauweka. Simu ikalia tena. "Karibu," nikasema. Hakuna aliyejibu, pumzi tu, na nyuma yake wimbo wangu ukicheza. Ulipoisha, simu ikakatwa.

"Ni tano," meneja akasema. "Huyo wa mwisho hakusema kitu."

"Ni sita. Huyo ndiye aliyekaa kwenye simu kuliko wote."

Akaandika sita. "Haya, Mzee. Uje Jumamosi ijayo."

Ndani ya teksi ya kurudi nilikubali kwamba miaka yote nilidhani salamu ni majina. Kumbe mtu hupiga ili ajue tu kwamba upande wa pili kuna mtu. Bellevue nilifunga mlango, nikashika simu, nikatafuta namba ya Nakuru ambayo ningeweza kuipigia bila kusema neno.