Sauti za Wazee Zapata Nyumba ya Pili Puge

Saa moja na nusu asubuhi, Apolinaria Wilbroad anapanda basi la Nzega akiwa amepakata diski ya kompyuta iliyofungwa kwa kanga mbili. Kondakta anataka kuipeleka kwenye buti pamoja na mizigo mingine.

"Thubutu!" anamjibu. "Mzigo huu naupakata mwenyewe mpaka Puge."

Ndani ya diski kuna sauti za wazee wa Unyamwezi: nyimbo za wapagazi wa njia ya zamani ya misafara, visa walivyosimuliwa na babu zao, na matusi ya utani yasiyofaa kuandikwa gazetini. Wengi wa waliozitoa wamekwishatangulia mbele ya haki. Redio ndogo ya jamii iliyopo Kanyenye, mjini Tabora, imezirekodi kwa miaka tisa, na Apolinaria, mwenye umri wa miaka 34, ndiye fundi wake pekee wa kompyuta.

"Ofisini wanajua kazi yangu ni kubadilisha wino wa printa," anasema akicheka. "Waache wajue hivyohivyo."

Kicheko kinakatika anapoulizwa kuhusu radi.

Miaka miwili iliyopita radi ilipiga jengo la redio. Seva iliungua, na diski ya akiba ikaungua nayo, kwa sababu ilikuwa imewekwa juu ya seva hiyohiyo. Rekodi zaidi ya mia mbili zilipotea; zilizopona ni zile zilizokuwa na nakala kwenye kompyuta ya studio.

"Nililia kama mtu aliyefiwa. Mzee Adriano alituimbia siku tatu, mwezi uliofuata tukamzika. Leo nitamrekodi wapi? Na mimi ni mtoto wa mfuga nyuki! Kwetu Kipalapala hakuna anayetundika mizinga yote msitu mmoja, maana moto ukipita umekwisha. Halafu mimi akiba naiweka juu ya seva. Aibu iliyoje!"

Habari zilisambaa haraka. Kila alikokwenda kurekodi, wazee walimkatalia. Mmoja wao ni Katarina Silasi, mjane wa Puge aliyeongoza kwaya ya Moravian kwa miaka mingi na anayejua nyimbo za harusi ambazo wengine wamezisahau. Alikubali nyumba yake iwekwe mashine ya pili ya kutunzia nakala. Kuimba, hapana.

"Niimbe mkaichome sauti yangu?" aliuliza.

Mpango wa Apolinaria ni huu. Kila siku seva ya Tabora inajipiga picha, yaani inakumbuka mafaili yote yalivyo saa ile. Ukifuta kitu kesho yake, picha ya jana haiguswi. Lakini picha zikibaki kwenye seva ileile, radi ikipiga zinaungua zote, ndiyo maana zinatumwa Puge kwa mtandao.

"Hutumi gunia zima kila siku," anafafanua. "Unatuma kibaba kilichoongezeka tangu picha ya mwisho ambayo pande zote mbili zinayo."

Mwaka jana mambo yalikwenda vizuri hadi Novemba. Ngurumo ya kwanza ya masika, ambayo huku huanza mwezi huo, ilipolia, Bibi Katarina alifanya kama nyumba zote za Puge: alifunika kioo na kuchomoa kila kitu ukutani. Mvua ilipokatika alirudishia jokofu na redio. Mashine ya mgeni aliilaza chini ya kitanda, akaifunika shuka jipya, ikakaa humo hadi Aprili.

"Ni mali ya watu," anasema Bibi Katarina. "Ingeungulia mikononi mwangu ningesema nini?"

Apolinaria alipopiga simu kuulizia, aliambiwa mashine iko salama salimini, na kweli ilikuwa salama. Akadhani tatizo ni mtandao. Huku Tabora seva iliendelea kufuta picha za zamani ili ipate nafasi, ikafuta hata ile ya mwisho iliyokuwa pande zote mbili. Basi kibaba kikakosa pa kuanzia. Ikabidi gunia zima lisafirishwe upya, na kwa bando la redio lingechukua miezi. Ndiyo sababu ya safari ya leo.

"Shikamoo mama," Apolinaria anamwamkia Bibi Katarina mlangoni kwake, Puge.

"Marahaba mwanangu. Umekonda, hawakulishi huko mjini?"

Kabla ya chai, diski inachomekwa. Apolinaria hamwombi mwenyeji wake aache kuogopa radi. "Nimwambie nini, wakati mimi mwenyewe ilinifilisi?" Amebadilisha mpango: sasa Tabora haifuti picha ya mwisho iliyofika Puge hata miezi ikipita, na mashine ikinyamaza siku mbili, anapiga simu na kuuliza wazi kama imechomekwa.

Alasiri nakala imekamilika. Linabaki jaribio. Anampigia mwenzake wa redioni, Amne, na kumwambia afute rekodi ya Mzee Raymundi. Raymundi alikuwa mume wa Bibi Katarina.

"Mnamfuta?" mama anaruka kitini. "Jamani, kawakosea nini?"

"Subiri, mama."

Apolinaria anaifungua picha ya Puge, anaichomoa rekodi ile na kuirudisha Tabora. Dakika zinapita. Kisha Amne anabonyeza, na kwenye simu anasikika mwanaume akikohoa. "Mwangaluka," anasema, salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, kisha anaanza kuimba.

"Mwangaluka," anajibu mjane, machozi yakimtoka. Halafu anacheka. "Kumbe baba watoto alikuwa chini ya kitanda masika mazima!"

Apolinaria anasema mwaka huu anataka kupata mashine ya tatu, Igunga, na kurudi kwa wazee wote waliomkatalia, mmoja baada ya mwingine. Anauliza aanzie kijiji gani.

Bibi Katarina anajifuta macho kwa upindo wa kanga, anasafisha koo.

"Uende wapi tena? Toa hicho kinasa sauti chako."