Karatasi ya Upepo

Bomu lilipoanguka juu ya nyumba ya Kanyere, mwenyewe alikuwa kazini maternité, wodi ya wazazi, mikono yake imeshika kichwa cha mtoto anayezaliwa. Alisikia mshindo kutoka upande wa mtaa wa Furu, kama wote walivyosikia, akamwambia mama aliyelala kitandani: «Sukuma tu, mama, ile haiko yetu.» Saa mbili baadaye jirani yake Sophie alifika mbio mlangoni, viatu mkononi, na Kanyere akajua kwa kumtazama tu kwamba ile ilikuwa yake.

Ulikuwa mwezi wa nne, mwaka wa elfu mbili na moja. Tangu alfajiri makundi mawili ya askari yalikuwa yakirushiana risasi kutoka kilima hadi kilima, juu ya vichwa vya watu wa Butembo, kisha mchana wakanyamaza kana kwamba wameitwa kula. Mtaani hakufa mtu. Lakini nyumba ya Kanyere ilikuwa imepoteza nusu ya paa. Ukuta wa upande wa jiko ulikuwa umelalia vitanda, na mabati yamejikunja kama majani ya kabichi. Nyumba hiyo yeye na mume wake, Mwalimu Mathe Ésaïe, waliijenga kwa miaka kumi na mmoja, tofali kwa tofali, yeye akizalisha na bwana akifundisha. Na Ésaïe hakuwapo. Alikuwa amekwenda Beni kuzika baba yake mdogo, barabara ikafungwa nyuma yake. Watu waliojaribu kupita walirudishwa Kalunguta, na wengine walirudi bila mizigo.

Kitu kimoja walikuwa nacho: mutuelle. Wafanyabiashara wa mji walikuwa wameanzisha bima yao wenyewe, kwa sababu serikali ilikuwa mbali na kila aliyekuja na bunduki alijiita serikali. Kila mwenye nyumba alichanga kila mwezi, na nyumba ikiungua au ikibomolewa na upepo au radi, mutuelle ilijenga. Ésaïe alikuwa amechanga miaka sita bila kukosa hata mwezi mmoja. Lakini kila mwanachama alijua kifungu cha tisa: vitu vya vita havilipwi. Wangewezaje kulipa vita?

Siku ya tatu Phinées akaja. Alikuwa fundi mkubwa wa nyumba, mwenye wafanyakazi kumi na lori moja, na alipenda kuitwa entrepreneur. Alizunguka nyumba na mita yake, akapima, akatikisa kichwa, akakaa juu ya tofali.

«Mama Rébecca, pole sana,» alisema. Wote walimwita Kanyere hivyo, kwa jina la mtoto wake wa kwanza aliyeolewa Kanyabayonga. «Lakini Mungu hakukuacha. Muko mu mutuelle, hapana?»

«Tuko. Lakini mutuelle hailipe bitu bya vita.»

«Vita? Nani alisema vita? Juzi upepo ulipiga, ndiyo ao hapana?»

«Ulipiga.»

«Donc, ni upepo.»

Akatoa karatasi mbili. Ya kwanza ilisema kwamba paa la Mathe Ésaïe liling'olewa na upepo mkali. Ya pili ilikuwa procuration: feza zote za bima zitiwe mkononi mwa Phinées, ili kazi ianze mara moja na mama asisumbuke. Zote mbili zilitaka sahihi ya mwanachama.

«Mwanachama ni bwana yangu,» alisema Kanyere.

«Bwana yako iko Beni. Mvua iko hapa.»

Mawingu kweli yalikuwa yameshuka hadi kwenye mikaratusi. Kanyere akaandika jina la mume wake mara mbili, kwa mwandiko wa mume wake, ambao aliujua kuliko wake mwenyewe.  

Alhamisi alikuja Papa Edmond, katibu wa mutuelle, mzee mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Kabla hajafika, wafanyakazi wa Phinées walikuwa wameziba kwa sementi matundu yote ya vipande vya bomu ukutani. Walisahau moja, kwenye ubavu wa kabati la vyombo, tundu la kuingiza kidole gumba. Kanyere alisimama mbele ya kabati hilo, mgongo umeligusa, tangu Edmond alipoingia hadi alipotoka. Jasho lilimshuka mgongoni na siku ilikuwa ya baridi.

Edmond hakupekua. Alitazama juu, akaona anga, akaandika.

«Upepo ya mwaka huu iko mubaya,» alisema. «Mama, weye ulizalisha batoto bangu batatu. Kama unasema ni upepo, miye naandika upepo.»

«Ni upepo, Papa Edmond.»

«Basi. Pole.»



Feza zikatoka, zikaingia mkononi mwa Phinées, na kwa juma moja kulikuwa na makelele mazuri ya nyundo. Kisha Kanyere akaanza kuona mambo. Mabati yake mazima ya upande wa mbele yalikuwa yameshushwa, eti yapakwe rangi pamoja na mapya, na lori liliyachukua. Mbao zilizopandishwa zilikuwa mbichi, nyembamba, zikipinda zenyewe juani. Mabati yaliyoletwa yalikuwa ya zamani, matundu ya misumari yamezibwa kwa lami. Kisha mafundi wakaacha kuja. Nyumba ambayo bomu lilikuwa limeifunua nusu, sasa ilikuwa imefunuliwa karibu yote.

Akamfuata Phinées mahali alipokuwa anajenga depo ya komanda mmoja. Askari wawili walikaa mlangoni wakila mahindi ya kuchoma.

«Mama Rébecca, bei ya mabati ilipanda,» alisema Phinées bila kushuka ngazi. «Barabara ya Kasindi, ile ya mupakani, unaijua. Vumilia.»

«Na mabati yangu ya mbele? Ile haikupanda bei, ilipanda lori yako.»

Wafanyakazi walicheka. Phinées hakucheka. Akashuka, akamsogelea, akasema kwa sauti ya mtu anayemshauri dada yake:

«Mama, unataka nini?»

«Nataka paa yangu. Ao nitaenda ku mutuelle.»

«Enda. Utabaambia nini? Kama Phinées alikula feza ya upepo? Bataleta commission, batachimbua kila ukuta. Na ile sahihi, ni nani aliiweka? Miye niko fundi tu. Weye ndiyo mwenye nyumba.» Akamshika bega taratibu. «Rudi nyumbani, mama. Funika na shiti. Nitakuja.»

Kanyere alirudi, akafunika kwa shiti, turubai la plastiki. Tangu siku hiyo hofu ilihamia kwake, ikawa kama mgeni asiyeaga. Pikipiki ikipunguza mwendo barabarani, alisimama. Mtu akiita «hodi», alijibu kwa sauti isiyo yake. Kanisani hakuweza tena kuketi nyuma ya Edmond. Kazini alisahau kuandika uzito wa mtoto, jambo ambalo halikuwahi kumtokea kwa miaka ishirini na miwili, na Mganga, daktari wa maternité, akamuuliza kama ana malaria. Alisema ndiyo, anayo. Huo nao ulikuwa uongo, na alishangaa jinsi ulivyotoka kwa urahisi.

Barabara ilipofunguka kidogo, Ésaïe akarudi. Alikuwa ametembea sehemu kubwa ya njia, soli ya kiatu kimoja imefungwa kwa kamba ya mpira, naye amekonda. Alisimama mbele ya nyumba yake, akatazama shiti la buluu likipepea juu ya chumba chake cha kulala, na badala ya kulia akainua mikono.

«Uko hai,» alisema. «Nilisikia kule Beni kama nyumba ilibomoka, sikujua kama ulikuwa ndani. Uko hai, Mama Rébecca!»

Majirani walikuwa wamekwisha kumwambia njiani kwamba ulikuwa upepo na mutuelle ilikubali kulipa. Hakuuliza zaidi. Alikuwa mtu wa kushukuru kwanza na kuuliza baadaye. Na jioni hiyo, akila sombe, majani ya mihogo, na maharagi, alisema kitu kilichomfanya Kanyere aweke kijiko chini.

«Siku ya Mungu nitasimama mbele ya kanisa. Nitatoa mbuzi ya shukrani. Nitashukuru Mungu na nitashukuru mutuelle mbele ya bote. Papa Edmond atakuwa pale.»

Ilikuwa Alhamisi. Ijumaa Kanyere hakusema. Jumamosi mchana walikuwa wameketi nje, yeye akichambua maharagi ya Masereka kwenye ungo na Ésaïe akiandika kwenye kipande cha karatasi maneno atakayosema kesho. Alimsomea: «*Upepo ulivunja, lakini mikono ya ndugu…*»

«Usisome,» alisema Kanyere.

«Ni mubaya?»

«Haikuwa upepo. Ilikuwa bomu.  Niliandika upepo na nikaweka jina lako.»

Akamweleza yote, macho yakiwa kwenye ungo, vidole vikiendelea kutoa mawe na kuyatupa. Karatasi mbili. Kabati. Edmond. Komanda na depo yake. Alipomaliza, hakukuwa na maharagi ya kuchambua tena, akaendelea tu kuyazungusha.

 Ésaïe akasimama, akaingia ndani, na Kanyere akasikia kabati likisukumwa. Alipotoka alikuwa amekasirika kuliko Kanyere alivyowahi kumwona.

«Jina langu! Nilikuwa nakimbia mu pori, nakula mihogo mibichi, na jina langu inaiba huku Butembo!»

«Mvua ilikuwa inakuja.»

«Mvua haiue mutu!»

«Weye hukuwa hapa,» alisema Kanyere, naye sauti ikapanda. «Sina ukuta, sina bwana, sijui kama uko hai ao ulikufa. Ungefanya nini?»

 Jumapili Ésaïe hakusimama kanisani wala hakupeleka mbuzi. Walikaa benchi moja bila kugusana. Lakini Jumatatu asubuhi alikuwa amevaa koti lake la kufundishia, akimngoja mlangoni.

«Twende,» alisema. «Jina ni yangu, mikono ni yako. Hapana kwenda peke yako.»

Kamati ya mutuelle ilikutana katika chumba cha nyuma cha duka moja la misumari na rangi. Watu sita. Kanyere alisema akiwa amesimama, kwa sababu aliogopa kwamba akikaa hatainuka. Hakumtupia Phinées mzigo wote. Alisema: «Alinionyesha njia, na miye nilitembea.» Aliposema juu ya kabati, Edmond aliondoa miwani na kuiweka mezani.

«Mama,» alisema, «miye niliandika juu ya neno lako.»

«Najua, Papa.»

Hakuna matusi ambayo yangemuuma kama maneno hayo. Mmoja wa kamati alianza kupiga kelele kuhusu wizi. Edmond akamnyamazisha kwa mkono, akaenda kwenye sanduku la chuma, akatoa bunda la karatasi na kuzipanga mezani moja moja. Zilikuwa nane. Mwandiko mmoja, maneno yale yale, *upepo mkali*, na chini ya kila moja procuration kwa Phinées.

«Nilifikiri ni mwaka wa upepo,» alisema polepole. «Mais huu upepo, sasa naona, ulikuwa unachagua nyumba.»

Phinées aliitwa Jumatano, pamoja na wenye nyumba wa zile karatasi nane. Alikuja na shati jeupe, akaketi kama mgeni wa heshima. Yeye ni fundi, alisema, anaandika kile mwenye nyumba anamwambia. Kama mama alidanganya, ni juu ya mama na Mungu wake.  Ndipo mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango, Ananie, mnunuzi wa kahawa ambaye kila mtu alimjua kwa kutosema, akainuka.

«Na miye je, Phinées? Nilikuambia bomu. Weye ndiyo uliniambia upepo. Nyumba yangu haina paa mupaka leo.»

Baada yake akainuka mwingine, kisha mama mmoja aliyekuwa analia. Si wote. Wawili hawakufika kabisa, na mmoja wao alikuwa Sophie, jirani aliyekimbia na viatu mkononi. Jioni hiyo alimwita Kanyere kwenye ua wa miti.

«Ungefunga kinywa, tungelala sote,» alisema, akageuka. Hakumsalimia tena mwaka mzima.

Hakukuwa na polisi wa kumwita, maana wenye bunduki walikuwa ndio wateja wa Phinées. Kamati ilifanya ilichoweza: ilitangaza kwamba mwanachama yeyote atakayempa Phinées kazi atatoka mutuelle. Alipoona lori lake limelala siku tisa, akarudisha kwa kila nyumba kipande. Kwa Kanyere alirudisha mabati ishirini na manne, na kumi kati ya hayo yalikuwa yale yake mwenyewe ya mbele, kweli yamepakwa rangi. Feza hazikuonekana. Wanachama wote wanane walisimamishwa mwaka mmoja na kuamriwa kurudisha kile mutuelle ilichotoa, kidogo kidogo. Ésaïe alisema hukumu ilikuwa ya haki. Kanyere alisema ilikuwa ya haki na nzito, akaanza kuchukua zamu za usiku.

Upande wa mbele ulifunikwa kabla ya Noeli, Ésaïe mwenyewe akiwa juu ya ngazi na wanafunzi wake wa zamani wawili wakimpokeza mbao. Jiko lilibaki chini ya shiti. Mvua kubwa ikija walihamisha sufuria na makaa ukumbini, wakapikia hapo, macho yakiwawasha. Kanyere aliendelea kushtuka pikipiki ikipunguza mwendo. Mwili hauelewi upesi kwamba mambo yamekwisha. Lakini usingizi ulimrudia, na hesabu za uzito wa watoto.

Deni liliisha mwezi wa sita wa mwaka uliofuata. Siku chache baadaye alitumwa Beni kuleta dawa za maternité, na pale karibu na rond-point, mzunguko wa barabara, akakutana na Phinées uso kwa uso, amebeba mkoba, amezeeka kidogo. Siku hizi alikuwa anajenga huko.

«Mama Rébecca,» alisema, kisha akakosa la kuongeza. «Nyumba iko je?»

«Iko. Upande wa jiko tu haina paa.»

«Ah. Mabati ilishuka bei siku hizi.»

Alisema hivyo kwa uzito wa fundi, bila aibu, akiwa kweli anampa habari njema. Kanyere alimtazama mtu huyo ambaye alikuwa amemwogopa miezi yote ile, na bila kutaka, kicheko kikamtoka. Akamwambia asante kwa habari, akauliza ni duka gani, akaenda kuuliza bei.